"Run" mara nyingi si kukimbia

Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kwamba "run" ni kukimbia, na mwalimu wake hajakosea. Tatizo huja miaka mingi baadaye, siku barua ya ofisi inaposema semina "will run for two days", fomu ya hospitali inapouliza kama kisukari "runs in your family", au gazeti linaporipoti kwamba vifungo vya mshtakiwa "will run concurrently". Katika sentensi hizo tatu hakuna anayekimbia. Aliyebaki na tafsiri ya darasani hukwama hapo. Wengine hufanya kosa kubwa zaidi: huitafsiri hivyohivyo na kuwapelekea watu.

Kabla ya kwenda mbali, maneno mawili yatatusaidia. Kitenzi ni neno la kutenda, kama soma au lala. Chembe, kwa matumizi ya makala hii, ni vile vineno vidogo vya Kiingereza kama "out", "into", "over" na "down" vinavyokaa nyuma ya kitenzi na kukigeuza maana. Kitenzi na chembe yake vikiungana huhesabiwa kuwa neno moja hata kama vimeandikwa mbalimbali. "Run" na "run out" ni maneno mawili tofauti, kama kimbia na kimbilia zilivyo tofauti kwetu.

Ukubwa wa neno lenyewe ni huu. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilieleza kwamba Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, alitumia miezi 9 kuandika upya maelezo ya kitenzi hiki kimoja, akafikisha maana 645. Toleo la kwanza la kamusi hiyo lilipokamilika mwaka 1928, kitenzi kilichoongoza kwa urefu wa maelezo kilikuwa "set". Sasa "run" imekipita.

Idadi hiyo isikutishe, maana wewe mwenyewe unaishi na neno la namna hiyo kila siku bila kuumwa kichwa. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga mbizi. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiwa ameambiwa kwamba piga ni kumchapa mtu fimbo, atashangaa kusikia wananchi milioni kadhaa wamepiga kura siku moja. Sisi hatushangai, kwa sababu hatukukariri orodha. Tulizoea kusikia piga inakaa na nani. "Run" nayo hujifunzwa hivyohivyo, kwa kutazama majirani zake.

Hata hivyo kuna maana moja inayozibeba nyingi kati ya hizo nyingine, nayo si ya miguu. Ni kwenda bila kukatika, kwa kufuata njia. Mwanariadha anakwenda hivyo, lakini pia mto, machozi shavuni, injini iliyowashwa, barabara, na muda wa mkataba. Wajerumani, ambao lugha yao ina undugu na Kiingereza, bado wana vitenzi viwili vya ukoo huu: "rennen" ni kukimbia, "rinnen" ni kutiririka. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na maumbo mawili, moja la kitu kwenda chenyewe na jingine la kukifanya kitu kiende. Kadiri karne zilivyopita maumbo hayo yalichanganyika yakabaki moja, na ndilo hili linalotusumbua.

Kwa hiyo mwenzake "run" katika Kiswahili, mara nyingi kuliko tunavyofikiri, si kimbia bali ni kwenda. Saa ikisimama tunasema haiendi, na Mwingereza husema "it isn't running". Ratiba ikiandika "trains do not run on Sundays", maana yake Jumapili treni haziendi, hakuna safari. Haisemi lolote kuhusu mwendo kasi. "The road runs along the coast": barabara inakwenda sambamba na pwani. "The contract runs for two years": mkataba unakwenda miaka miwili. Ukikutana na "run" usiyoielewa, jaribu kwanza kuweka kwenda mahali pake. Sentensi haitakuwa nzuri kila mara, lakini maana itaanza kuonekana, kisha utatafuta neno linalokaa vizuri zaidi: kupita, kutiririka, kufanya kazi, kudumu.

Kwa vitu vya majimaji neno zuri tayari tunalo. Pua inayo-"run" ni pua inayotoa kamasi. Kitenge kipya kikiwa na kibandiko kilichoandikwa "colours may run", rangi yake inachuja, kwa hiyo kifue peke yake. Ukikichanganya na shuka jeupe, shuka litaharibika.

Sasa tuje kwenye lile umbo la pili lililomezwa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Kiswahili hutofautisha kwenda na kuendesha, kukimbia na kukimbiza, kutembea na kutembeza. Tunabadilisha mkia wa kitenzi na kila mtu anajua nani anamfanyisha nani. "Run" haina mkia huo. Umbo ni lilelile, na tofauti huonekana katika kinachofuata. "He runs every morning" ni mtu anayekimbia kila asubuhi. "He runs a hotel every holiday season" ni mtu anayeendesha hoteli kila msimu wa sikukuu. Ukiona baada ya "run" kuna kitu kinachofanyiwa, kama hoteli, duka, programu, mashine au semina, ongeza "-esha" kichwani mwako. Kuendesha biashara, kuendesha programu kwenye kompyuta, kuendesha mafunzo: zote zimekaa sawa. Pale ambapo kuendesha hakukai, Kiswahili kina neno lake. "Run a test" ni kufanya kipimo, "run a bath" ni kufungulia maji ya kuoga, gazeti liki-"run a story" limechapisha habari, na mgonjwa anaye-"run a fever" ana homa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulikosa kuhusu kuendesha huku: "run" haisemi chochote kuhusu umiliki. Meneja aliyeajiriwa juzi anaweza kusema "I run this hotel" bila kumiliki hata tofali moja la jengo. Ukitafsiri kwamba ni mwenye hoteli, umempa mali isiyo yake, na katika habari za migogoro ya biashara kosa hilo linaweza kukufikisha mahakamani. Angalia pia wakati wa kitenzi. "She runs the clinic" ni kazi yake ya siku zote. "She is running the clinic this week" ni kwamba anaishikilia kwa wiki hii, pengine mwenye nafasi yuko likizo.

Chembe ndizo zinazoogopwa zaidi, na wapo wanaoamini kuwa ni lugha ya mitaani isiyofaa katika maandishi rasmi. Si kweli. Ripoti za benki kuu na hukumu za mahakama zimejaa chembe hizi. Kinachowachanganya watu ni kwamba kazi tunayoifanya kwa mkia wa kitenzi, Kiingereza huifanya kwa neno la pembeni. Sisi tuna isha na ishiwa. Wao wana "run out" na "run out of". Ziweke pamoja uone:

Sukari imeisha: "The sugar has run out."
Tumeishiwa sukari: "We have run out of sugar."

Kitu kikiwa ndicho kilichoisha, hakuna "of". Mtu akiwa ndiye aliyeishiwa, "of" ni lazima, na nyuma yake hutajwa alichoishiwa. Makosa yanayosikika kila siku, kama "we are run out sugar" au "sugar has run out of", yote hutoka katika kuchanganya isha na ishiwa. Ukijiuliza kwa Kiswahili kwanza ni ipi kati ya hizo mbili unayotaka, Kiingereza chako kitanyooka chenyewe. Ongeza "on" mwishoni, "he ran out on his wife", na maana inahama kabisa: amemtelekeza mkewe.

"Run into" ina sura mbili. Ukikutana nayo pamoja na ukuta, nguzo au lori, ni kugonga. Ukikutana nayo pamoja na rafiki, kwa kawaida ni kukutana bila kutarajia, na ikiwa na tatizo au deni ni kuangukia humo. "Run over" inataka uangalifu zaidi, kwa sababu sura zake zimeachana mno. "The bus ran over a goat" ni ajali: basi limemkanyaga mbuzi. "The meeting ran over" ni kikao kupitiliza muda, na "run over the figures" ni kuzipitia hesabu haraka. "Run down" inaweza kuwa betri iliyoishiwa chaji, nyumba iliyochakaa, mtu aliyechoka hoi, au kumsema mwenzako vibaya. Kati ya hizo nne, ni jirani yake tu anayekuambia ipi ndiyo.

Moja ya ofisini inafaa kutajwa kwa sababu huwasumbua sana waliopata kazi karibuni. Bosi akisema "run it by me first", anataka umwonyeshe au umweleze kwanza kabla hujafanya lolote. Si ruhusa ya kuendelea. Kuna waliotuma barua kwa mteja wakidhani wameambiwa waharakishe. Na anayekuandikia "I'm running late" hakwambii kwamba yuko njiani akikimbia; anakwambia amechelewa, na pengine hata nyumbani hajatoka.

Tuingie sasa mahakamani, kwa sababu huko tafsiri mbovu hubadilisha miaka ya maisha ya mtu. Mshtakiwa amekutwa na hatia kwa makosa matatu. Kosa la kwanza kifungo cha miaka 5, la pili miaka 3, la tatu miaka 2. Hakimu akisema adhabu hizo "shall run concurrently", zinakwenda kwa pamoja: zote tatu zinaanza siku moja. Baada ya miaka 2 ile ya kosa la tatu inakuwa imekwisha, baada ya 3 imekwisha ya pili, na mfungwa anatoka miaka 5 ikitimia, tukiacha pembeni punguzo lolote la kifungo. Akisema "shall run consecutively", zinafuatana: moja ikiisha ndipo nyingine inaanza, na jumla ni miaka 10. Neno moja baada ya "run" limeongeza kifungo mara mbili.

Kichwa cha habari kinachosema "afungwa miaka 10" wakati adhabu zinakwenda kwa pamoja kimejumlisha kisichojumlishwa. Upande wa pili kuna uvumi kwamba adhabu zikienda pamoja basi mshtakiwa amesamehewa makosa mawili madogo. Hapana. Ametiwa hatiani kwa yote matatu, na hilo lina uzito wake: akikata rufaa akashinda kwa lile kosa la miaka 5 peke yake, bado ile adhabu ya miaka 3 ipo na anaendelea kuitumikia. Utasikia pia "to run from the date of arrest". Hapo "run" ni kuhesabiwa: siku za kifungo zinahesabiwa kuanzia siku aliyokamatwa, si siku ya hukumu. Familia iliyokaa nyuma ya chumba cha mahakama inastahili kuelezwa hivi kwa lugha inayoielewa.

Uchaguzi nao una msamiati wake. Wamarekani husema mtu ana-"run for office", Waingereza kwa kawaida husema "stand", na Wakenya katika Kiingereza chao wamependa sana "vie". Kiswahili kimetulia na gombea na wania, na hakuna haja ya kutafuta kingine. "Running mate" ni mgombea mwenza, jina lililotoka katika mashindano ya farasi, ambako farasi wawili wa zizi moja waliwekwa kwenye shindano moja ili mmoja amsaidie mwenzake kwa kupanga kasi. Kwa hiyo "mwenza" ni tafsiri nzuri kweli. Imeshika kusaidiana kuliko kukimbia.

"Run-off" ndiyo inayozua maswali kila Kenya inapokaribia uchaguzi. Ni duru ya pili. Katiba ya mwaka 2010 inataka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Asipopatikana wa namna hiyo, uchaguzi mpya hufanyika ndani ya siku 30, ukiwakutanisha wawili walioongoza. Huwa nasikitika kuona neno hili likitafsiriwa "kukimbia mbali" kwenye maandishi ya chini ya video. Na ukilikuta katika taarifa ya kilimo au mafuriko, halihusu kura hata kidogo: ni maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi badala ya kuzama, yakichukua udongo na mbolea ya mkulima.

Katika habari za uchumi kuna "bank run". Tafsiri ya "mbio za benki" inapoteza watu moja kwa moja, kwa sababu benki nyingi hudhamini mbio za hisani na msomaji atadhani anaalikwa kuvaa raba. Jambo lenyewe ni wateja wengi kukimbilia benki kwa wakati mmoja kutoa fedha zao kwa hofu kwamba itaanguka. Benki haikai na akiba zote kabatini. Sehemu kubwa imekopeshwa au imewekezwa, hivyo hata benki yenye mali za kutosha inaweza kukosa fedha taslimu wote wakija siku moja. Tarehe 9 Machi 2023 wateja wa Silicon Valley Bank ya California walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku hiyo moja, wengi wao kwa simu na kompyuta bila kupanga foleni, na kesho yake wasimamizi wakaifunga. Hapa ndipo kimbia inarudi kwa haki, ila kwa mkia wa "-lia": kukimbilia.

Hospitalini mambo ni mafupi lakini yana uzito. "Running stomach", yaani kuharisha, ni Kiingereza cha kwetu Afrika Mashariki na hapa kila daktari anakielewa. Ukiwa London au Chicago sema "diarrhoea", usije ukaulizwa maana yake huku unaumwa. "Run mad" inayosikika sana Uganda nayo ni hivyohivyo. Kwingine husema "go mad". Swali la fomu, "does it run in your family?", linauliza kama ugonjwa uko kwenye ukoo, yaani kama wazazi, ndugu wa tumbo moja, babu au bibi wamewahi kuwa nao. Jibu kwa kuwafikiria wa damu. Mume au mke hahesabiwi hapo.

Maelekezo ya huduma ya kwanza kwa aliyeungua husema "cool running water" kwa dakika 20. Hayo ni maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, kama ya bomba au ya kumiminwa kwa kata. Maji yaliyotulia kwenye beseni hupata joto la mwili na kupunguza kazi yake, na barafu huweza kuiumiza zaidi ngozi iliyoungua. Lakini tangazo la nyumba ya kupanga likisema ina "running water", linasema tu kwamba maji ya bomba yapo ndani.

Limebaki la sikio. Kiswahili kina "a" moja tu, Kiingereza kina zaidi ya moja, na kwa sababu hiyo "run" na "ran" hutufikia kama sauti ileile. Kwa "run", acha mdomo ulegee nusu wazi na sauti iwe fupi, ya katikati ya kinywa. Kwa "ran", shusha taya na vuta midomo kidogo pembeni, sauti iwe kati ya "a" na "e". Ukishindwa kuzitofautisha kwa kusikia, zitofautishe kwa kuandika: jana "I ran", kila siku "I run", na baada ya "have", "has" au "had" umbo linarudi kuwa "run". "Runned" haipo. Kwa hiyo unga ukiisha jikoni andika "the flour has run out", kamwe si "has ran out", hata kama aliyekutumia ujumbe kabla yako ameandika hivyo.